Vyaelea Vimeundwa: Uhakiki wa Ukusanyaji wa Postikadi za Sanaa za Ngome za Ulaya

0. Utangulizi

Postikadi ni kitu kidogo. Hununuliwa kwa bei ndogo, huandikwa kwa haraka, na mara nyingi hutupwa bila majuto. Hata hivyo, tangu mwisho wa karne ya 19 wako watu wanaozikusanya, wanaozipanga katika albamu, wanaozigombea katika minada na kuwarithisha watoto wao. Miongoni mwa postikadi za kale, zile zinazoonyesha ngome na makasri ya Ulaya kwa mkono wa wachoraji zina wapenzi wengi. Sura yake inajulikana: mnara juu ya mwamba, ukungu bondeni, mbalamwezi juu ya mto.

Makala haya hayakusudii kuzisifu kadi hizo wala kuzidharau. Yanauliza swali moja: kadi ya aina hii husema nini, na je, mkusanyaji anapoipanga huisaidia kusema au huinyamazisha? Rai inayotetewa hapa ni kwamba desturi iliyoenea, yaani kutafuta kadi moja nzuri kwa kila ngome na kuilaza katika albamu uso juu, huiondolea kadi thamani yake iliyo kubwa zaidi. Thamani hiyo ni ushahidi wake kwamba ngome yenyewe imetungwa, tena mara nyingi imetungwa karibuni. Swali hili linamhusu mwanafunzi wa lugha sawasawa na mwanafunzi wa sanaa, kwa kuwa postikadi ni matini kamili: ina picha, ina jina chini ya picha, ina tarehe, ina mwandishi na mwandikiwa.

1. Ngome na kasri

Anayetaka kuyataja majengo haya kwa Kiswahili hukuta maneno mawili mbele yake. Ngome ni jengo la kujihami: kuta nene, mnara, lango linalofungwa. Kasri ni makao ya mtawala: kumbi, mapambo, bustani. Kijerumani nacho hutenganisha vivyo hivyo, Burg kwa ngome na Schloss kwa kasri. Ilhali Kifaransa hutumia château kwa yote mawili, na huongeza neno fort pale kinapotaka kubainisha ngome. Inafaa kukumbuka kwamba neno kasri limetoka katika Kiarabu, qasr, na kwamba wanaisimu wengi hulihusisha neno hilo la Kiarabu na castrum la Kilatini, yaani kambi ya askari. Château nalo limetokana na castellum, neno la udogo la castrum hilohilo. Kwa hiyo kasri na château ni binamu waliolelewa katika nyumba mbalimbali.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Ndiyo ufunguo wa kwanza wa kusomea postikadi. Kadi za Neuschwanstein, katika Bavaria, kwa kawaida huandikwa Schloss chini ya picha. Lakini picha yenyewe imejaa ishara za Burg: mwamba, minara mirefu, lango lenye ngazi za ulinzi, kuta zenye mapengo kama ya kurushia mishale. Jina linasema kasri, picha inasema ngome. Jengo hilo halikumzuia adui yeyote wala halikujengwa kwa kazi hiyo. Mfalme Ludwig II, aliyelijenga, aliliita ngome mpya ya Hohenschwangau. Jina Neuschwanstein lilikuja baada ya kifo chake. Msomaji anayeona mgongano huo kati ya picha na maandishi ameanza kuhakiki. Asiyeuona anabaki kustaajabu.

2. Kadi na ngome za rika moja

Tarehe 5 Septemba 1869 liliwekwa jiwe la msingi la Neuschwanstein. Tarehe 1 Oktoba ya mwaka huohuo posta ya Austria na Hungaria ilitoa postikadi ya kwanza rasmi, kufuatana na wazo lililotetewa na mwanauchumi Emanuel Herrmann. Kadi hiyo haikuwa na picha yoyote. Picha zilienea katika miongo iliyofuata. Basi ngome ambayo wengi huidhania kuwa ya zama za mashujaa, na karatasi ambayo wengi huihesabu kuwa chombo cha kisasa, hazikupishana hata mwezi mmoja kuzaliwa.

Kukutana huku kwa tarehe ni bahati. Yaliyofuata si bahati. Mwaka 1867 Ludwig alitembelea Wartburg katika Ujerumani na Pierrefonds katika Ufaransa, ngome mbili zilizokuwa zikikarabatiwa na kujazwa upya mapambo ya kale. Aliporudi, hakuanza na mjenzi. Picha za awali za jengo lake zilichorwa na Christian Jank, mchoraji wa mandhari za jukwaa la tamthilia. Ndipo mhandisi wa majengo, Eduard Riedel, akapewa kazi ya kuzigeuza picha hizo kuwa ramani. Chini ya mawe meupe ya nje umo ukuta wa matofali, na ndani yake mlikuwa na maji ya bomba na joto lililosambazwa vyumbani kwa mitambo ya wakati huo. Ludwig alikufa tarehe 13 Juni 1886, jengo likiwa halijamalizika. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, yaani majuma saba tu baadaye, milango ilifunguliwa kwa watazamaji wenye kulipa.

Mambo haya yakiwekwa pamoja, hukumu ya kawaida juu ya postikadi inapinduka. Husemwa kwamba mchoraji wa kadi huipamba ngome, huifanya kuwa ya ndoto kuliko ilivyo. Kwa Neuschwanstein si hivyo. Picha ilitangulia, jengo likafuata, kisha kadi ikalirudisha jengo kwenye karatasi lilikotoka. Mchoraji wa kadi hapaswi kulaumiwa kwa kusema uongo; alinakili kwa uaminifu kitu kilichokuwa tayari ni picha. Mwaka 2025 UNESCO iliingiza Neuschwanstein, pamoja na majengo mengine matatu ya mfalme huyo, katika orodha ya urithi wa dunia. Uamuzi huo hauligeuzi kasri hilo kuwa la kale zaidi. Unakiri kwamba ndoto ya karne ya 19 nayo ni sehemu ya historia.

3. Maamuzi mawili

Hali ni ngumu zaidi pale ambapo ngome ya kale ilikuwapo kweli. Hohkönigsburg, katika Alsace, iliteketezwa mwaka 1633, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, ikabaki gofu kwa zaidi ya miaka 260. Alsace ilichukuliwa na Ujerumani mwaka 1871. Mwaka 1899 mji wa Sélestat, uliolimiliki gofu hilo, ulimzawadia Mfalme Wilhelm II. Kuanzia mwaka 1900 hadi 1908 mhandisi Bodo Ebhardt aliijenga ngome upya, paa, mnara na kuta, kama alivyoamini kwamba ilikuwa zamani. Mwaka 1919 Alsace ilikwisha rudi Ufaransa, na ngome ikawa mali ya dola la Kifaransa.

Mkusanyaji mwenye kadi moja tu ya mahali hapa, tuseme ya mwaka 1910, ana picha ya ngome kamilifu inayoonekana kuwa na umri wa karne nyingi. Mwenye kadi tatu ana jambo jingine kabisa. Ya kwanza, ya kabla ya 1900, inaonyesha kuta zilizobomoka na miti iliyoota juu yake. Ya pili, ya baada ya 1908, inaonyesha paa jipya, na chini yake jina la Kijerumani. Ya tatu, ya baada ya 1919, inaonyesha jengo lilelile, lakini jina limekuwa Haut-Kœnigsbourg. Hapo ndipo ajabu inapodhihirika: karatasi ya kwanza ni kongwe kuliko paa linalopigwa picha na wageni. Kadi imekuwa shahidi dhidi ya ngome. Tena, badiliko la jina linamfundisha mwanaisimu kwamba mawe hayakusogea hata kidogo, bali lugha iliyoyamiliki ndiyo iliyobadilika. Mabadiliko ya namna hiyo hayahitaji kuelezwa kwa kirefu kwa wasomaji waliokwisha kuona miji yao ikibatizwa mara mbili.

Katika miaka hiyohiyo Heidelberg ilichagua njia nyingine. Kasri lake liliharibiwa na majeshi ya Ufaransa mwaka 1689 na 1693, kisha radi ikalipiga mwaka 1764. Kuanzia mwaka 1810 Charles de Graimberg, mhamiaji kutoka Ufaransa, alijitolea kulilinda gofu hilo na kueneza picha zake. Wageni wakazinunua muda mrefu kabla postikadi haijabuniwa. Mwishoni mwa karne ya 19 jengo moja la kasri hilo lilikarabatiwa, na wako waliotaka mengine yafuatie. Mwaka 1901 Georg Dehio, mwanahistoria wa sanaa aliyefundisha Strassburg, si mbali na Hohkönigsburg, alipinga kwa maandishi makali: kazi ya kizazi cha leo ni kuhifadhi, si kubuni upya. Hoja yake ilishinda, na sehemu kubwa ya Heidelberg imebaki gofu hadi leo.

Kadi za Heidelberg, kwa hiyo, hufanana mno miongo kwa miongo, na mkusanyaji anaweza kuziona kuwa za kuchosha. Hukumu hiyo si ya haki. Kufanana kwake ni matokeo ya uamuzi uliotetewa. Hata kadi za usiku zinazoonyesha kuta zikiwa nyekundu kama makaa hazitokani na njozi ya mchoraji: ni taswira ya fataki zinazowashwa kulikumbuka teketeo la zamani. Panapo ngome iliyojengwa upya, kadi huusahau moto; Heidelberg, kadi huuza kumbukumbu yake. Ni njia mbili za kuchuma kutokana na msiba uleule, nazo haziwezi kulinganishwa mpaka kadi zake ziwekwe kando kwa kando.

4. Mkono wa mchoraji, jiwe la mchapaji

Neno sanaa katika jina postikadi za sanaa linahitaji kupimwa. Kadi nyingi za mwisho wa karne ya 19 zilichapwa kwa litografia ya rangi. Kila rangi ilihitaji jiwe lake, na kadi nzuri iliweza kupitia mawe kumi au zaidi. Fundi aliyegawa rangi hizo juu ya mawe hakutajwa jina, ingawa utusitusi wa anga na weupe wa mbalamwezi ni kazi ya mkono wake sawa na wa mchoraji. Kioo cha kukuzia humwonyesha msomaji tofauti: litografia ya mkono huwa na chembechembe zisizo na mpango, na uchapaji wa kisasa zaidi huwa na vitone vilivyojipanga safusafu. Wako pia waliotoboa madirisha ya ngome katika karatasi ili kadi ikiinuliwa mbele ya taa madirisha yang'ae. Huo ni ubunifu wa mchapaji.

Kampuni ya Raphael Tuck, iliyoanzishwa London mwaka 1866 na mhamiaji kutoka Prussia, ilianzisha mwaka 1903 mfululizo ulioitwa Oilette. Kadi zake ziliiga mchoro wa rangi za mafuta hata alama za brashi zikaonekana. Wachoraji kama Charles Flower na Henry Wimbush walizitolea mandhari nyingi, ngome zikiwamo. Uzuri wao hauna haja ya kukanushwa: Wimbush alijua kuipa hali ya hewa uzito, na Flower alijua kuupanga mji chini ya mnara ili jicho lipande polepole. Udhaifu wao ni ule wa mfululizo wenyewe. Ngome huonekana kutoka chini, jioni, kwa mbali. Mtu akiwapo ni mvuvi au mchungaji aliyewekwa kuonyesha ukubwa wa kuta. Hakuna anayefagia, hakuna anayelipa kodi, hakuna fundi juu ya paa. Ngome inaelea.

Wahenga wa Waswahili walikwisha kuonya: usione vyaelea, vimeundwa. Hata kadi hizo zenyewe zina ushahidi wa kuundwa kwake. Baadhi ya kadi za Tuck zina maandishi madogo yasemayo kwamba zilichapwa Saxony au Bavaria. Hivyo ngome ya Uingereza iliweza kusafiri hadi Ujerumani kutiwa rangi kabla ya kurudi kuuzwa kama fahari ya Uingereza. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1914, ilikata biashara hiyo. Na usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu yaliteketeza makao ya Tuck mjini London, pamoja na kumbukumbu zake na michoro asilia. Kwa sababu hiyo, kwa michoro mingi, nakala ya bei ndogo iliyotumwa kwa shangazi ndiyo iliyobaki, na asili imepotea.

5. Upande wa nyuma

Katika soko la wakusanyaji, kadi safi isiyoandikwa mara nyingi hupendelewa kuliko iliyotumika. Hoja yao si ya kipuuzi. Wino hupenya, mhuri wa posta huacha kovu, na anayetaka kuichunguza rangi ya anga hapendi kuona salamu zimepita juu ya mawingu. Lakini hoja hiyo inasahau jinsi kadi za awali zilivyopangwa. Kabla ya nyuma ya kadi kugawanywa sehemu mbili, jambo lililoruhusiwa Uingereza mwaka 1902 na Ujerumani mwaka 1905, upande mmoja ulikuwa wa anwani peke yake. Ujumbe uliandikwa upande wa picha. Mchoraji alijua hayo, na kwa hiyo aliacha pembe nyeupe, au aliifanya ngome iyeyuke katika ukungu ili mkono wa mnunuzi upate nafasi. Weupe ule ni sehemu ya mpango wa picha. Kadi ya namna hiyo ikiwa haikuandikwa si safi tu, haijakamilika.

Kwa mwanaisimu, upande huo wa maandishi una utajiri wa pekee. Nafasi ni ndogo, mjumbe wa posta anaweza kusoma, na mwandikiwa anatazamia adabu. Kutokana na mabano hayo matatu ikazaliwa lugha fupi ya salamu, afya, hali ya hewa na saa ya kufika. Ngome iliyochorwa kwa fahari upande mmoja hupata upande wa pili neno moja la kuisifu, au hata neno moja haipati. Hapo picha na maneno husahihishana: picha inadai milele, maandishi yanadai jibu kabla ya Jumapili. Mkusanyaji anayeigundisha kadi kwa gundi katika albamu ameunyamazisha upande unaosema kweli zaidi.

6. Wachapishaji walewale

Ubelgiji inaleta suala hili karibu na wasomaji wa Kongo. Kampuni ya Nels, ya Bruxelles, ilichapisha kadi za ngome na makasri ya Ubelgiji. Kampuni hiyohiyo ilichapisha kadi za Kongo. Miongoni mwa ngome mashuhuri za Ubelgiji ni Gravensteen, mjini Gent. Msingi wake ni wa karne ya 12, lakini katika karne ya 19 ndani yake mlikuwa na kiwanda cha pamba, na nyumba ndogo zilikuwa zimeegemea kuta zake. Nyumba hizo zilivunjwa, ngome ikakarabatiwa, na mwaka 1907 wageni wakaanza kuingia. Kadi za baadaye zinaonyesha boma la mashujaa. Wafanyakazi wa pamba hawamo.

Kadi za kasri la kifalme la Laeken nazo zina ukimya wake. Kabla ya 1908, mapato ya sehemu kubwa ya ardhi ya Kongo yalipitishwa katika mfuko wa Leopold II ulioitwa Fondation de la Couronne, na mfuko huo uligharimia majengo nchini Ubelgiji, upanuzi wa Laeken ukiwamo. Hakuna mchoraji ambaye angeweza kuonyesha mpira wa msituni katika picha ya ukumbi wa mawe. Lakini mkusanyaji anaweza kuziweka kadi mbili katika ukurasa mmoja, ya Laeken na ya Kongo, na msomaji akaona jinsi moja ilivyoulipia uzuri wa nyingine.

Kuna ulinganisho wa pili. Casimir Zagourski, mpiga picha aliyefanya kazi Léopoldville kuanzia mwaka 1924 hadi kifo chake mwaka 1944, alitoa mfululizo wa postikadi ulioitwa L'Afrique qui disparaît, yaani Afrika inayotoweka. Kazi yake ina ubora usiopingika wa mwanga na umbo. Kichwa chake, hata hivyo, kinastahili kusomwa sambamba na kadi za ngome. Ulaya ilichukua magofu yaliyokwisha kutoweka, ikayajenga upya, ikayaita ya milele. Afrika ilichukuliwa ikiwa hai, yenye watu waliokuwa na kesho yao, ikaitwa inayotoweka. Karatasi ni moja, ukubwa ni mmoja, bei ni moja. Tofauti imo katika wakati wa kitenzi.

7. Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu mapendekezo matatu yanajitokeza. Kwanza, afadhali kadi kumi za ngome moja kwa miaka mbalimbali kuliko kadi kumi za ngome kumi. Mfululizo hufichua, kielelezo kimoja kizuri huficha. Pili, nyuma ya kadi ihifadhiwe na kunakiliwa kwa uangalifu uleule wa mbele: mhuri, tarehe, lugha, ujumbe, jina la mchapaji. Jina na anwani ya mtu binafsi visitangazwe ovyo, kwa maana aliyeandika hakuwaandikia wasomaji. Tatu, jina lililoandikwa chini ya picha lichukuliwe kuwa sehemu ya hoja ya kadi, wala si lebo tu. Kuandika Burg au Schloss, Hohkönigsburg au Haut-Kœnigsbourg, ni kuchukua upande.

Mapendekezo hayo hayawafai wakusanyaji wa Ulaya peke yao. Katika masanduku ya familia za Lubumbashi, Bukavu na Kisangani mna kadi, barua na picha ambazo wanafunzi wataitwa kuzikusanya. Aliyejifunza kuuliza paa la ngome limejengwa lini, nani amelilipia, na kwa nini mchoraji ameufuta ngazi ya fundi, atajua pia kuuliza kwa nini mtu aliyesimama mbele ya kamera hakuandikwa jina. Maswali hayo mawili ni swali moja.